Magugu Hayazoei Dawa

Liko neno moja nilisikialo kila msimu wa mvua hapa Kabati, katika njia itokayo Kitui kwenda Migwani. Wakulima huambiana neno hilo, wenye maduka ya pembejeo huwaambia wanunuzi, na wanafunzi hulileta darasani kama jambo lisilohitaji ushahidi. Neno lenyewe ni "yamezoea". Mkulima hunyunyiza dawa ya kuua magugu kabla ya kupanda. Baada ya wiki mbili hurudi shambani akakuta magugu mengi yamekauka, lakini hapa na pale limesimama shina la kishona nguo, bichi na lenye afya, kana kwamba halikuguswa. Mkulima hutikisa kichwa akasema, "Haya yamezoea dawa." Kisha hufunga safari ya dukani kuulizia dawa iliyo kali zaidi.

Mimi nasema neno hilo ni kosa. Wala si kosa la lugha tu, la kusahihishwa kwa wino mwekundu na kusahauliwa. Ni kosa la fikira, na kosa la fikira shambani hulipwa kwa fedha, kwa jasho na kwa njaa.

Kuzoea ni nini? Mtoto huzoea pilipili. Siku ya kwanza hulia, siku ya kumi huomba aongezewe. Mtoto ni yule yule, bali ulimi wake umebadilika. Je, shina la kishona nguo lililonyunyizwa leo lilipata kuonja dawa jana? Halikupata. Liliota wiki tatu zilizopita. Ama lilizaliwa na uwezo wa kuishi, ama halikuzaliwa nao. Katika maelfu na maelfu ya miche iotayo baada ya mvua za kwanza, huenda mmoja ukawa na badiliko dogo la urithi, badiliko lililotokea kwa bahati tu, kabla dawa haijafika shambani. Dawa haikuufundisha mche huo kitu chochote. Dawa iliwaua wenzake, ikauacha huo uzae.

Kazi hiyo mnaijua ninyi nyote, kwa kuwa mama zenu huifanya kila mwaka. Wakati wa kupura kunde, mama huchagua punje njema akaziweka kando ziwe mbegu, na zilizobaki huzipika. Baada ya miaka mingi, kunde za nyumba hiyo hufanana na matakwa ya mama huyo. Hakuna asemaye kwamba kunde "zimezoea" mama. Twasema mama amechagua. Basi mkulima anyunyizaye dawa ile ile msimu baada ya msimu anafanya vivyo hivyo kwa magugu: anachagua mbegu. Tofauti ni kwamba hajui kuwa anachagua.

Mtu aweza kuniuliza, "Mwalimu, maneno haya mawili yana tofauti gani, ikiwa mwisho wake ni gugu lisilokufa?" Tofauti ni kubwa. Magugu yakiwa yamezoea, kosa ni la magugu, nasi ni wahasiriwa tu, wa kuhurumiwa na kuuziwa chupa nyingine. Lakini ikiwa sisi ndio tuliochagua, basi kosa ni letu, na mwenye kosa ndiye mwenye uwezo wa kulirekebisha.

Hebu tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme shambani mna magugu milioni moja ya kawaida, na moja tu lililo sugu. Tuseme tena kwamba dawa huua magugu 95 ya kawaida katika kila 100, wala haliui lile sugu. Kwa hiyo kila unyunyizapo, uwiano wa magugu sugu kwa ya kawaida huzidishwa mara 20. Mara ya kwanza utakuwa na magugu sugu 20 kwa kila milioni. Mara ya pili 400. Mara ya tatu 8,000. Mara ya nne 160,000. Mpaka hapo mkulima hajaona neno, na huisifu dawa yake. Mara ya tano hesabu hufika 3,200,000 kwa milioni, yaani magugu sugu yamekuwa mengi kuliko ya kawaida zaidi ya mara tatu. Sisi Ukambani tuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Mara tano ni miaka miwili na nusu. Kweli, udongo una akiba ya mbegu za zamani zichelewazo kuota, nazo huchelewesha mambo. Lakini huchelewesha tu, hazizuii. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba kikijaa, mkulima husema kimejaa usiku mmoja.

Hii si hofu ya kubuni. Mwaka 1970 ilichapishwa taarifa kutoka jimbo la Washington, Marekani, juu ya gugu dogo lenye maua ya manjano liitwalo Senecio vulgaris, ambalo halikufa tena kwa dawa ya simazini katika kitalu kilichonyunyizwa mwaka baada ya mwaka. Dawa ya glifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, ilisifiwa sana; na mwaka 1996 likapatikana Australia gugu la jamii ya nyasi lililokuwa sugu kwake. Wala tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1991 ilichapishwa hapa Kenya taarifa juu ya mashamba ya kahawa, kwamba kishona nguo na gugu liitwalo Parthenium hysterophorus yalistahimili dawa ya parakwati. Kishona nguo! Gugu lile lile tuling'oalo kwenye kunde zetu.

Hata hivyo, lazima niseme haki pande zote. Si kila gugu libakilo bichi ni gugu sugu. Glifosati na parakwati zote mbili hushikana na udongo wa mfinyanzi, na zikishikana nao hazina kazi tena. Basi mtu achotaye maji ya rangi ya chai katika bwawa la udongo, akachanganya dawa humo, ameiua dawa yake ndani ya bomba kabla haijafika kwenye jani. Mwingine hunyunyiza wakati wa jua kali, majani yakiwa yamenyauka na kufunikwa na vumbi la barabarani, naye hushangaa dawa ikikosa kuingia. Mwingine hupima kwa kifuniko cha chupa nyingine. Watu hawa wote husema, "Yamezoea." Neno hilo limekuwa gunia la kutupia kila uvivu wa kuchunguza. Kabla hujalituhumu gugu, yatazame maji yako; aghalabu maji ya kisima cha mchangani, yaliyochujwa na mchanga wa mto, yatakusaidia kuliko chupa ya bei kubwa.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo ni mtoto wa lile la kwanza. Husemwa kwamba gugu lililoshinda dawa ni gugu lenye nguvu kuliko magugu yote, kana kwamba ni shujaa aliyerudi vitani. Wengine husema kinyume chake: kwamba gugu hilo ni kilema, na tukiacha dawa msimu mmoja au miwili, litashindwa na wenzake na kutoweka lenyewe. Wote wawili hawakupima kabla ya kusema.

Wataalamu wa viumbe hupima jambo ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita ufaafu. Ufaafu wa mmea haupimwi kwa unene wa shina wala kwa ubichi wa majani. Hupimwa kwa idadi ya watoto ambao mmea huacha nyuma yake, watakaokua nao wakazaa. Tena ufaafu si sifa ya kudumu. Hutegemea mahali na wakati. Mbele ya dawa, gugu sugu lina ufaafu mkubwa, kwa sababu wenzake hawaachi mtoto hata mmoja. Swali gumu ni hili: pasipo dawa, lina ufaafu gani?

Jibu ni kwamba hutegemea badiliko lililolifanya kuwa sugu. Lile gugu la Washington lilikuwa na badiliko mahali ambapo simazini hushika ndani ya jani, penye mtambo wa kupokea nguvu za jua. Dawa ikakosa pa kushika. Lakini badiliko lile lile lilipunguza mwendo wa mtambo wenyewe. Magugu ya namna hiyo yalipooteshwa pamoja na ya kawaida pasipo dawa, aghalabu yalishindwa kukua. Hayo yalilipa usugu wao kwa ufaafu wao.

Lakini tazameni mfano wa pili. Huko Georgia, Marekani, mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba jamaa mmoja wa mchicha, aitwaye Amaranthus palmeri, alikuwa sugu kwa glifosati katika mashamba ya pamba. Mwaka 2010 ikaelezwa sababu yake. Glifosati huua kwa kuziba kazi ya kimeng'enya kimoja ambacho mmea hauwezi kuishi bila hicho. Mchicha huo ulikuwa umerudufu jeni la kimeng'enya hicho mara 5 hadi zaidi ya mara 160. Dawa ilipoziba mlango mmoja, milango mingine ilibaki wazi. Mtu angetarajia kwamba kubeba mzigo huo wa jeni kungeudhoofisha mmea. Majaribio yaliyofuata hayakuona udhaifu wa dhahiri: ulikua na kuzaa kama ndugu zake.

Basi yule asemaye gugu sugu lina nguvu kuliko yote amekosea, na yule asemaye ni kilema amekosea pia. Lakini nataka kuwaonyesha kwa nini la kwanza huonekana kuwa shujaa. Likumbukeni lile shina la kishona nguo tulilolikuta limesimama peke yake. Kabla ya dawa lilikuwa limezungukwa na magugu mia, yote yakigombania unyevu ule ule mdogo wa ardhi ya Kitui, mbolea ile ile na jua lile lile. Dawa ikawaua majirani wake wote. Likabaki peke yake kwenye meza iliyoandaliwa. Likanenepa, likatanda, likazaa mbegu nyingi. Mkulima hulitazama akasema, "Lina nguvu!" La hasha. Nguvu ile si yake. Ni nafasi tuliyolipa sisi.

Hapa ndipo lilipo kosa la wale wafuatao methali isemayo dawa ya moto ni moto, wakaongeza kipimo mara mbili, mara tatu. Ikiwa usugu ni wa kweli na ni mkubwa, kuzidisha dawa hakuliui gugu sugu; huua tu yale ya kawaida yaliyokuwa yamesalia kulishindania maji. Mkulima hulipa fedha nyingi kulifagilia adui yake uwanja, na upepo huchukua dawa iliyozidi ukaimwaga kwenye kunde za jirani.

Na yule asemaye tungoje litoweke, naye nampa hesabu. Turudi kwenye shamba letu, magugu sugu yakiwa 3,200,000 kwa kila milioni ya kawaida. Tuseme gugu sugu ni dhaifu kidogo pasipo dawa, hata kila msimu uwiano wake hupungua kwa sehemu 10 katika 100. Je, ni misimu mingapi mpaka turudi kwenye gugu moja kwa milioni? Chukueni kalamu mfanye wenyewe. Mtapata misimu 142, yaani miaka 71. Mwanafunzi wa leo atakuwa babu mwenye mkongojo. Hata tukisema udhaifu ni mkubwa, sehemu 30 katika 100, itatupasa kungoja misimu 42, yaani miaka 21. Na ikiwa ni kama ule mchicha wa Georgia, usio na udhaifu wa dhahiri, tutangoja milele. Kuharibu kulichukua miaka miwili na nusu. Dawa iliyopotea kwa haraka hairudi kwa subira.

Najua liko jibu nitakalopewa, na ni jibu zito. "Mwalimu, wewe wataka turudi kwenye jembe la mkono? Wamjua mama aliyeinama tangu alfajiri hadi adhuhuri, mtoto mgongoni?" Namjua. Najua pia kwamba mwezi wa Novemba, wakati wa mitihani ya taifa, ndio wakati wa kupalilia mimea ya mvua za vuli, zile tuzitegemeazo zaidi katika nchi hii ya Ukambani. Najua viti vinavyobaki tupu darasani mwezi huo, na kwamba vingi ni vya wasichana. Dawa ya magugu iliponunuliwa katika nyumba fulani, binti alibaki shuleni. Mimi si adui wa dawa. Ni kwa sababu naijua thamani yake nisemapo tusiiharibu. Mwenye kisima kimoja hakitumii kunyweshea ng'ombe, kufulia na kuchezea, kisha akalia kiu.

Lakini jembe nalo lina sifa ambayo dawa haina, nayo ni hii: jembe halibagui. Linapopita katikati ya mistari, hulikata gugu sugu na gugu la kawaida kwa makali yale yale. Gugu halina ngao ya urithi iliyotengenezwa dhidi ya dawa itakayolifaa mbele ya chuma. Kwa hiyo mkulima anyunyizaye kabla ya kupanda, kisha akapita mara moja kwa jembe au kwa mkono akang'oa yote yaliyosalia kabla hayajatoa mbegu, amelivunja lile zidisho la mara 20. Hatumwambii mama ainame msimu mzima. Twasema dawa ifanye kazi kubwa, na mkono umalize kidogo kilichosalia, maana katika kidogo hicho ndimo mlimo hatari yote.

Wala msidhani kwamba jembe na mkono ni silaha zisizoshindika. Katika mashamba ya mpunga ya Asia liko gugu ambalo, kwa kung'olewa na wapaliliaji kwa karne nyingi, limekuja kufanana na mpunga wenyewe, hata jicho haliwezi kulitambua. Macho ya wapaliliaji nayo yalichagua. Kila silaha itumiwayo peke yake huchagua adui wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Yako basi mambo ambayo mwanafunzi aweza kuyapeleka nyumbani. La kwanza, asome kibandiko cha chupa. Majina ya biashara ni mengi, lakini dawa ndani yake yaweza kuwa ile ile moja. Mtu abadilishaye jina tu hajabadilisha kitu. La pili, aukumbuke mmea wetu wenyewe kuwa ni mshindani. Mahindi yaliyopandwa mapema, mvua zinapoanza, na kunde zilizotanda katikati ya mistari hulinyima gugu jua na maji. Sisi twachanganya mahindi na kunde, na dawa nyingi ziyaachazo mahindi salama huziua kunde. Kwa hiyo kwetu kivuli cha kunde ni dawa ya magugu isiyouzwa dukani. La tatu, asafishe plau na jembe kabla ya kuvitoa shamba moja kuvipeleka jingine.

La nne ni lenu zaidi ya wengine wote. Kishona nguo kilipewa jina hilo kwa sababu mbegu zake hushika nguo. Kila jioni nawaona mkikata njia ya mkato kupitia mashambani, na asubuhi nawaona mmekaa darasani mkizichomoa mbegu hizo katika soksi na sweta, mkazitupa dirishani. Manyoya ya mbuzi huzibeba vivyo hivyo. Basi uzembe wa shamba moja hauishii kwenye ua wa shamba hilo. Mtu aliyezalisha gugu sugu hakujiharibia peke yake. Amewaharibia jirani zake dawa ambayo hawajainunua bado. Jambo la namna hii halitibiwi na mtu mmoja. Wazee wetu walikuwa na mwethya, ambapo jirani walikusanyika wakachimba makingamaji ya mmoja leo na ya mwingine kesho, kwa kuwa walijua maji ya mvua hayaulizi mpaka wa shamba. Mbegu za kishona nguo nazo haziulizi. Mwethya wa nusu siku, wa kung'oa mashina yaliyosalia baada ya dawa, ungefanya kazi ambayo chupa kali haiwezi.

Basi msimu ujao, mtakapomsikia mtu akisema magugu yamezoea dawa, msimcheke, maana huenda ni baba yako au mjomba wako. Mwambieni kwa adabu kwamba hayakuzoea. Kisha nendeni naye shambani, mkalitafute lile shina bichi lililosimama peke yake, mkaling'oe pamoja na mizizi yake kabla halijachanua.